Mtoto wa miaka miwili hahitaji mshereheshaji

Siku hizi kuna kadi za mwaliko zinazokuja na ratiba kamili, utadhani ni mkutano mkuu wa wanahisa. Saa nane wageni kuwasili. Saa tisa mshereheshaji kukaribisha. Halafu mashindano, halafu mtu wa kuvaa vazi la katuni, halafu hotuba za wazazi (ndiyo, hotuba), halafu keki saa kumi na moja na nusu. Ukigeuza kadi ndipo unapoona kwamba mwenye sherehe anatimiza miaka 2.

Miaka 2! Mtu asiyeweza kusubiri kijiko kitoke kwenye bakuli kifike mdomoni amepangiwa kusubiri keki kwa muda wa saa tatu na nusu. Na akianza kujirusha chini saa kumi, watu wazima watatazamana na kusema, "Mtoto leo ana nini?" Hana kitu. Amechoka, ana njaa, na spika imewekwa usawa wa sikio lake.

Kosa ni lile lile kila mara: watoto wadogo hufanywa watazamaji. Wanaketishwa, wanaonyeshwa, wanaambiwa wapige makofi. Mtoto wa kati ya mwaka 1 na miaka 3 si mtazamaji. Furaha yake iko mikononi: kumimina, kuingiza, kutoa, kupasua, kupanda, kujificha kisha kutokea. Wenzake nao hachezi nao sana kama tunavyotaka kuona kwenye picha. Hucheza bega kwa bega, kila mmoja na lake, huku akimchungulia jirani. Hiyo ni hatua ya kawaida ya ukuaji, si utovu wa adabu, wala mshereheshaji hawezi kuifuta kwa kipaza sauti.

Ndiyo maana mashindano hufia njiani. Chukua mchezo wa viti na muziki. Mtoto wa miaka 2 anayetolewa haelewi kwamba ameshindwa. Anachoelewa ni kwamba alikuwa anacheza na mkubwa mmoja akaja kumwondoa. Atalia, na kwa kweli ana haki.

Basi afanye nini? Achague mwenyewe. Kazi ya mwandalizi ni kuweka vituo vya kuchezea na kuhesabu nafasi, na hapo kwenye hesabu ndipo sherehe nyingi huharibika. Wakija watoto 8, usiweke nafasi 8. Weka 12: vituo 4, kila kimoja cha watoto 3. Nafasi zikilingana na watoto, kila anayetaka kuhama lazima amng'oe mwenzake. Zikizidi, daima kuna pa kwenda. Vifaa navyo viwe vya aina moja na rangi moja. Vikombe 6 vya bluu havina ugomvi. Vikombe 5 vya bluu na kimoja chekundu ni vita. Usihubiri habari ya kugawana siku ya sherehe. Ongeza vikombe.

Kituo kisichowahi kuniangusha ni beseni la maji. Liwe pana, maji yawe ya kina cha sentimita 3 au 4 tu, na ndani kuwe na vikombe, kichujio, kijiko kikubwa na sifongo. Liweke nje, chini kabisa, juu ya taulo kuukuu. Usitie sabuni kwa sababu watakunywa. Usijidanganye kwamba hawatakunywa. Waambie wazazi mapema walete nguo za kubadilisha. Na mtu mzima mmoja, ambaye jina lake linajulikana, akae hapo umbali wa mkono. "Sote tunaangalia" maana yake ni kwamba hakuna anayeangalia, na mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache, kimya kimya, bila kurusha hata tone. Kituo kikifungwa, maji yanamwagwa pale pale, si baada ya keki.

Cha pili ni maboksi makubwa. Ng'oa pini zote za chuma na utepe wa gundi, fungua ncha zote mbili, unganisha mawili uwe na handaki. Mawili yanatosha. Handaki likizidi mita moja na nusu, mtoto hufika katikati penye giza, akasita, na mkono wako haumfikii kutoka upande wowote. Boksi la tatu toboa tundu juu, watoto watumbukize vitu. Hapo tahadhari: vifuniko vya chupa za maji, ambavyo kila mtu huvikimbilia, vina upana wa karibu milimita 30 na vinaingia kooni. Tumia vifuniko vya chupa pana kama za jamu, vyenye upana wa sentimita 5 au zaidi. Kipimo cha haraka ni kile kibomba cha katikati ya karatasi ya chooni: kinachopita humo ndani hakiingii kwenye sherehe.

Unga wa kuchezea ni cha tatu, kwa waliofikisha miaka 2. Vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, vijiko 2 vikubwa vya mafuta, na kama kikombe 1 cha maji ya moto unayotia kidogo kidogo. Kanda dakika 5. Ukinata vidole, ongeza unga kijiko kimoja kimoja. Ukimeguka, ongeza mafuta. Utengeneze jana yake, ukishapoa uufunge kwenye mfuko usiopitisha hewa. Kila mtoto apewe bonge lake la ukubwa wa ngumi yake, kwa sababu bonge moja kubwa la wote hugeuka mali ya mwenye sauti kubwa. Wale ambao bado hupeleka kila kitu mdomoni usiwape kabisa. Chumvi nyingi hivyo ni hatari kwa mwili mdogo, na kuipunguza hakusaidii, maana unga mbichi nao si wa kula. Warudishe kwenye maboksi.

Cha nne ni mapovu ya sabuni, nayo hufanyika vibaya karibu kila mahali. Dawa ni vikombe 6 vya maji kwa kikombe 1 cha sabuni ya maji ya vyombo, pamoja na kijiko kikubwa 1 au 2 vya gliserini. Koroga taratibu, usitikise, kisha iache ilale usiku kucha. Povu lililopanda juu lienguliwe, kwa kuwa ndilo linalofanya mapovu yapasuke yakiwa bado kwenye kitanzi. Anayepuliza ni mtu mzima. Kazi ya watoto ni kuyakimbiza. Ukimpa mtoto chupa, ataimwaga au ataionja. Pulizia juu ya vichwa vyao, si usoni, na juu ya nyasi au udongo. Kwenye vigae, baada ya dakika 10 sakafu inakuwa barafu.

Nakubali, shingo upande, kwamba dakika chache za pamoja zinafaa. Nyimbo 3 za vitendo, zile za kupiga makofi na kushika pua, zirudiwe zile zile. Mtoto wa umri huu anapenda kitu anachojua kinachofuata. Wimbo mpya kwake ni kelele mpya. Muziki wa spika ukikulazimisha kupaza sauti kwa mtu aliye umbali wa mkono, umezidi. Na mtu mwenye kichwa kikubwa cha katuni? Watoto wengi wa miaka 2 na 3 humwogopa, hata kama nyumbani wanakumbatia mwanasesere wake. Kama umeshalipa, basi avae kichwa mbele yao wakimwona, akae mbali, asimfuate mtoto. Anayetaka atamwendea.

Jumba la kurukia la kujazwa upepo: wadogo peke yao, bila kaka na dada wakubwa ndani, au usilete. Kuwapaka watoto rangi usoni: hawatulii, acha.

Maputo sasa, na hapa sina utani. Puto la mpira lililopasuka, au ambalo halijajazwa, ni kati ya vitu hatari kabisa unavyoweza kumwachia mtoto. Kipande chake hunyumbuka, hulala juu ya njia ya hewa na kuiziba, na kukitoa ni kazi ngumu mno. Nchini Marekani pakiti za maputo haya hulazimika kubeba onyo kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka 8. Sisi tunayafunga kwenye kiti cha mtoto wa mwaka mmoja. Weka ya foili, au ya mpira juu kabisa wasikofika, na likipasuka acha kila kitu uokote vipande vyote. Halafu kagua mishumaa inayoimba na vichezeo vinavyomulika: ndani kuna betri bapa kama kitufe. Ile ya lithiamu yenye upana wa milimita 20 ikikwama kooni huanza kuunguza ndani ya saa 2. Kama kifuniko cha betri hakina skrubu, hicho kitu hakina nafasi mezani.

Muda ni dakika 90. Wenye hamu ya zaidi wafanye 120, na wasilalamike. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, na sehemu yake ni ule wa mchana. Sherehe ianze baada ya usingizi huo, si juu yake. Dakika 15 za mwanzo mwache mgeni mdogo ang'ang'anie mguu wa mama yake, asivutwe. Keki iwe dakika ya 50 hivi, kabla ya uchovu. Mbali na ile ya mshumaa, iwepo keki ya pili iliyokwisha kukatwa vipande jikoni, kwa sababu kati ya kuzima mshumaa na kupata kipande subira yao haifiki dakika 2. Zawadi zisifunguliwe hapo. Zitaleta kilio cha mwenye sherehe na cha wageni kwa pamoja. Vile vitu 3 au 4 anavyovipenda zaidi mwenye sherehe vifichwe tangu asubuhi.

Wakubwa wakitaka sherehe yao ya muziki na hotuba, waifanye, hakuna ubaya. Ila waiite yao, na mtoto aachwe alale.

Kuondoka nako kunahitaji mpango. Usitangaze kwamba sherehe imekwisha watoto wakiwa bado kwenye maji. Funga vituo kimoja baada ya kingine, ukianza na beseni, uache mapovu mwisho, uyapulizie karibu na mlango wa kutokea. Watayafuata wenyewe mpaka hapo. Mfuko wa zawadi apewe mzazi, usipewe mtoto, na uwe na kitu kimoja tu kikubwa kuliko kile kibomba cha karatasi ya chooni.