India na Pakistan: Kila upande unaamini ulishinda, na hapo ndipo penye hatari

Saa tisa na dakika 35 alasiri kwa saa za India, Jumamosi ya Mei 10, 2025, mkurugenzi wa operesheni za kijeshi wa Pakistan alimpigia simu mwenzake wa India. Wakakubaliana kwamba kuanzia saa 11 jioni mapigano yasimame ardhini, angani na baharini. Zilikuwa zimepita siku nne za makombora, droni na mizinga kati ya nchi ambazo taasisi ya SIPRI ya Stockholm, inayofuatilia silaha duniani, ilikadiria mwaka huo kuwa na vichwa vya nyuklia 180 hivi kwa India na 170 kwa Pakistan.

Mapigano yalisimama, ugomvi haukuisha. Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba kila upande ulirudi nyumbani ukishangilia. Waziri Mkuu Narendra Modi aliwahutubia Wahindi siku mbili baadaye na kusema nchi yake haitatishwa tena na silaha za nyuklia za jirani. Islamabad nako mkuu wa jeshi la nchi kavu, Asim Munir, alipandishwa cheo kuwa Field Marshal, cheo cha juu kabisa jeshini ambacho Pakistan haikuwahi kukitoa tangu enzi za Ayub Khan, jenerali aliyetawala nchi hiyo miaka ya 1960.

Chanzo cha karibu kinajulikana. Aprili 22 watu wenye silaha waliwavamia watalii katika bonde la Baisaran, karibu na Pahalgam, Kashmir inayotawaliwa na India, wakaua raia 26. Walionusurika walisimulia jinsi wanaume walivyoulizwa dini zao kabla ya kupigwa risasi. India ikailaumu Pakistan, Pakistan ikakana. Usiku wa kuamkia Mei 7 India ikashambulia maeneo tisa, yakiwamo ya Muridke na Bahawalpur, miji ya jimbo la Punjab ambayo kwa miaka mingi imehusishwa na makundi ya wapiganaji ya Lashkar-e-Taiba na Jaish-e-Mohammed. Chanzo cha mbali ni mwaka 1947, pale Uingereza ilipoondoka na mtawala wa Kashmir, Hari Singh, akaamua kujiunga na India ilhali raia wake wengi walikuwa Waislamu. Vita vya kwanza vilizuka mwaka huohuo, na eneo hilo limegawanyika hadi leo.

Hoja ya India ina uzito, na anayeipuuza hajawasikiliza waliofiwa. Mwaka 2008 watu 10 walitua Mumbai kwa njia ya bahari na kuua watu 166. Mmoja alikamatwa akiwa hai, Ajmal Kasab, raia wa Pakistan. Kesi za waliopanga shambulio hilo zilikokotwa mahakamani Pakistan mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2011 Osama bin Laden alikutwa akiishi Abbottabad, mji wenye chuo cha kijeshi. Serikali yenye rekodi hiyo ikisema “hatuhusiki”, mama wa Mumbai ana kila sababu ya kutoamini. India inasema ilivumilia mwaka 2008 bila kujibu kwa bomu, na uvumilivu huo haukuizalia kitu.

Pakistan nayo haizungumzi hewani. Baada ya Pahalgam, Waziri Mkuu Shehbaz Sharif alisema yuko tayari kwa uchunguzi huru usioegemea upande wowote, na India haikuukubali. Kashmir ni eneo lenye mgogoro ambalo Umoja wa Mataifa uliliahidi kura ya maoni tangu 1948, na Wakashmiri hawajaipiga mpaka leo. Agosti 2019 India iliifutia Kashmir hadhi yake maalumu, ikawafunga viongozi wake na kukata simu na intaneti kwa miezi. Pakistan yenyewe inazika watu kila wiki kwa mashambulizi ya Taliban wa Pakistan na waasi wa jimbo la Balochistan, na inaituhumu India kuwafadhili, jambo ambalo India inalikana. Kwa nchi iliyo ndogo mara kadhaa kwa watu na uchumi, bomu la nyuklia ndiyo kinga yake ya mwisho.

Sasa tazama hatua zilivyopanda. Mwaka 2016, baada ya shambulio la Uri, Kashmir ya India, India ilisema makomandoo wake walivuka Mstari wa Udhibiti unaoigawa Kashmir kati ya nchi hizo na kurudi. Mwaka 2019, baada ya wanausalama 40 kuuawa Pulwama, pia Kashmir ya India, ndege zake zikapiga Balakot, ndani ya Pakistan kabisa. Mwaka 2025 ikafika Punjab, moyo wa Pakistan, na hatimaye kambi za anga, ikiwamo ya Nur Khan iliyoko Rawalpindi, mji uleule yalipo makao makuu ya jeshi. Pakistan nayo ikasema imedungua ndege tano za kivita, baadaye ikasema sita. India ilikaa kimya wiki tatu, hadi Jenerali Anil Chauhan, mkuu wa majeshi ya India wakati huo, alipokiri akiwa Singapore kwamba zipo zilizoanguka, bila kutaja ngapi. Kila mara ngazi moja juu, na kila mara wakubwa wanahitimisha kwamba kumbe nafasi ya kupigana bila kufika kwenye nyuklia bado ipo.

Mimi siamini kwamba nafasi hiyo ina mipaka inayojulikana. India imetangaza haitakuwa ya kwanza kutumia nyuklia. Pakistan haijatoa ahadi hiyo, na ina kombora la Nasr linaloweza kubeba nyuklia na kufika kilomita 60 hadi 70 tu, lililotengenezwa kuvipiga vikosi vya India vitakavyovuka mpaka. Halafu yapo makosa. Machi 9, 2022, jioni, kombora la India aina ya BrahMos lilifyatuliwa kwa makosa, likavuka mpaka na kuanguka Mian Channu, Punjab ya Pakistan. Halikuwa na kichwa cha milipuko na hakuna aliyekufa. India ilikiri hadharani baada ya siku mbili, na Pakistan ikauliza kwa nini haikuarifiwa papo hapo. Siku ile hapakuwa na mgogoro wowote. Kosa kama hilo lingetokea usiku wa Mei 9, 2025, makamanda wa Rawalpindi wangekuwa na dakika chache tu za kuamua ni ajali au ni vita.

Na wanaolipa si wanaohutubia. Poonch, upande wa India, mizinga ya Pakistan iliua raia zaidi ya kumi, watoto wakiwamo. Muzaffarabad, ng’ambo ya pili, kombora la India liliangukia msikiti. Huku kwetu pia vita kubwa ingetufikia: Pakistan ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote wa chai ya Kenya inayouzwa mnadani Mombasa, na dawa nyingi kwenye maduka yetu zinatoka India.

Kwangu, jambo la kuanza nalo ni maji. Mkataba wa Mto Indus wa 1960, uliotiwa saini Karachi na Waziri Mkuu wa India, Nehru, na Ayub Khan kwa usuluhishi wa Benki ya Dunia, uliipa India mito mitatu ya mashariki na Pakistan mitatu ya magharibi. Ulivuka vita vya 1965, 1971 na Kargil 1999. India iliusimamisha siku moja tu baada ya mauaji ya Pahalgam. Naelewa hasira, lakini mkulima wa Sindh, kusini mwa Pakistan, hakuwatuma wauaji, na India haina mabwawa ya kuyazuia maji hayo yote hata ikitaka. Kilichopotea haraka ni taarifa. Agosti 2025 mito ilipofurika, India ilitoa onyo la mafuriko ya mto Tawi kupitia ubalozi wake Islamabad, ikisema ni kwa ubinadamu, kwa sababu njia ya kawaida, tume ya pamoja ya Indus, imefungwa. Onyo lilifika, ndiyo. Lakini usalama wa watu wa bondeni hauwezi kutegemea huruma ya serikali iliyoko madarakani.

Pakistan ina deni lake: kuwashtaki kwa dhati, mbele ya macho ya dunia, wanaoendesha makundi hayo, si kuwafunga pale tu shinikizo la nje linapozidi. Bila hilo hakuna waziri mkuu wa India atakayeweza kisiasa kukaa na Pakistan mezani. Ila kikao cha makamishna wa tume hiyo ya maji hakiidai India ikubali lolote kuhusu Kashmir, wala hakiidai Pakistan ikiri lolote kuhusu Pahalgam. Vivyo hivyo kuwarudisha mabalozi, ambao hawajakuwapo New Delhi wala Islamabad tangu Agosti 2019. Haya yanawezekana mwaka huu, kwa barua mbili, kabla ya shambulio jingine kuwakuta majenerali wakiwa ndio pekee wenye namba za simu za upande wa pili.