Denmark wameacha barua, je na sisi tufunge Posta?

Tangu PostNord, posta ya Denmark, waache kusambaza barua mwisho wa 2025, kazi iliyoanza kule tangu 1624, nimesikia watu wakisema na huku Tanzania tufunge tu, barua nani anaandika sa hivi. Hoja yao ina nguvu, Denmark barua zilishuka kwa zaidi ya asilimia 90 tangu 2000. Na mi nakumbuka barua za kaka zilikuwa zinakuja kwa S.L.P. ya shule ya msingi maana karibu kijiji kizima tulikuwa tunatumia sanduku la shule, mwalimu akienda mjini kufuata mshahara ndo anarudi na bahasha, mnasomewa habari za mgonjwa kumbe mwenyewe alishapona zamani yuko shamba analima. Simu imetuokoa na hilo, silitamani tena.

Ila kuna kitu wanakiruka. Denmark barua hazijafa, kazi imechukuliwa na kampuni nyingine inaitwa dao, maana sheria yao inataka mtu aendelee kuweza kutuma barua. Na hiyo ndo roho ya posta tangu mageuzi ya Rowland Hill kule Uingereza mwaka 1840. Kabla ya hapo mara nyingi anayepokea ndo analipa na bei inapanda kwa umbali, kwa hiyo masikini analetewa barua ya mwanae anashindwa kuikomboa, ndo ikaja stempu, peni moja, sarafu ya Kiingereza, kwa barua ya nusu aunsi (kama gramu 14), unalipa kabisa mwanzo, na bei ni ileile uwe unatuma mtaa wa pili au mwisho wa nchi.

Sasa huku kwetu barua imeachia simu, na mzigo umeachia basi. Nikimtumia mama dawa natafuta boksi, nazungushia solotepu, naandika kwa maka peni jina na namba ya simu, napeleka stendi, jioni napigiwa umefika. Haraka kweli. Lakini basi linaishia stendi, kutoka pale ni bodaboda, na bei mnapatana kutokana na mvua na giza, akikataa kwenda amekataa, hakuna sheria inayomlazimisha.

Kwa hiyo mi barua sizililii, ninachotetea ni ule wajibu wa kumfikia kila mtu kwa bei moja. Najua vijijini itakuwa hasara na hela hiyohiyo inatakiwa zahanati, hilo siwezi kulipuuza. Ila kazi kubwa imeshafanyika, kwa mama kijibao cha namba ya nyumba kipo juu ya mlango tangu ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022, mtaa umeandikwa na namba inasomeka vizuri tu, na bado kwenye boksi naandika namba ya simu.