Waache Waufunge Mlango Ule wa Madurai

Lalamiko la watalii kuhusu Madurai ni lile lile kila mara. Mtu amesafiri mpaka kusini kabisa mwa India, amevua viatu, amekabidhi simu, amepapaswa na askari, amepita kwenye korido za mawe zisizoisha, halafu anafika mbele ya chumba cha Meenakshi, mungu wa kike ambaye mji mzima umejengwa kumzunguka, na hapo anakutana na kibao: Wahindu peke yao. Nimewasikia wakinung'unika hotelini. Nimewasikia kwenye treni ya usiku ya kurudi Chennai, wakiuliza kiingilio walilipa cha nini.

Mimi nakitetea kibao kile. Nakitetea kwa kujikunakuna kichwa kidogo, kwa sababu mlango uliofungwa una historia mbaya pale Madurai, lakini nakitetea.

Kwanza mji wenyewe. Madurai uko kwenye ukingo wa mto Vaigai, jimbo la Tamil Nadu, na ulikuwa mji mkuu wa wafalme wa Pandya zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Ukitazama ramani yake unaona miraba ndani ya miraba. Hekalu liko katikati, na barabara zinazolizunguka zimepewa majina ya miezi ya Kitamil: Adi, Chittirai, Masi. Mwaka 1311 jeshi la Malik Kafur, jemadari wa sultani wa Delhi, lilishuka kutoka kaskazini na kuupora mji. Sehemu kubwa ya majengo tunayoyaona leo ni kazi ya watawala wa Nayak wa karne ya 16 na ya 17, hasa Tirumalai Nayak, ambaye kasri lake la mwaka 1636 bado lipo, mwendo mfupi kwa bajaji kutoka hekaluni. Kasri hilo ni la kupita tu. Nguzo zake ni nene ajabu, basi.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna tatizo letu hapa: tunadhani tunayajua mahekalu ya Kihindu. Tumeyaona Kisutu, Dar es Salaam, tumeyaona Mombasa, na lile la Swaminarayan la Nairobi wengi wamelitembelea kwa safari za shule. Lakini Wahindu wengi wa kwetu asili yao ni Gujarat, na ujenzi wao ni wa kaskazini na magharibi mwa India, ambako kilele kirefu hukaa juu ya chumba cha mungu. Madurai mambo ni kinyume. Minara mirefu, gopuram kwa Kitamil, iko kwenye malango ya nje. Hekalu lina minara 14 na ule wa kusini unakaribia mita 52, umejaa sanamu za miungu, majini na wanyama zilizopakwa rangi kali kama vitenge vya sikukuu. Kadiri unavyoingia ndani majengo yanazidi kuwa mafupi, na juu ya vyumba vya Meenakshi na mumewe Sundareswarar, ambaye ni Shiva, pana mapaa mawili tu ya dhahabu, madogo, ambayo ukiwa barabarani huyaoni kabisa.

Kwa hiyo anayezuiwa pale mlangoni hajanyimwa kitu kikubwa cha kutazama. Watamil wana usemi kwamba kuuona mnara tu ni thawabu milioni kumi. Mgeni ameshaona minara yote, ameliona bwawa la yungiyungi la dhahabu na watu waliokaa kwenye ngazi zake, ameuona ukumbi unaoitwa wa nguzo elfu, ambao ukihesabu kwa haki una nguzo 985, na amesimama kwenye ukumbi wenye nguzo ya bendera iliyopakwa dhahabu, hatua chache kutoka alipo Shiva mwenyewe. Kilichobaki ni chumba kidogo chenye giza, moshi wa taa, na sanamu iliyofunikwa maua.

Na chumba hicho, kwa wenyewe, ni chumba cha kulala. Watalii wengi hawaambiwi jambo hili, au wanaambiwa wakiwa wamechoka. Meenakshi huamshwa asubuhi, huogeshwa, huvishwa, hulishwa, na mchana hekalu hufungwa apumzike. Usiku, karibu na saa tatu, makuhani humbeba Sundareswarar kwenye machela ya fedha, pamoja na ngoma na mazumari, wakampeleka kwa mkewe alale. Kesho yake alfajiri anarudishwa. Jambo hili hufanyika kila siku. Mgeni wa dini yoyote anaruhusiwa kusimama kwenye korido akaangalia msafara ukipita, na ukiniuliza, hicho ndicho kitu cha kukiona Madurai kama una usiku mmoja tu. Ila msafara ukishaingia ndani, tumefika mwisho wetu. Kwetu pwani mgeni hukaribishwa barazani, akapewa kahawa na heshima zote, na hakuna anayekasirika kwamba hakuonyeshwa kitanda cha wenye nyumba.

Watu hujibu kwamba hekalu ni urithi wa dunia nzima. Hilo silikubali. Hekalu la Madurai halikukutwa limezikwa mchangani likafufuliwa na wanaakiolojia. Ni mahali pa kazi. Ukienda jioni, baada ya saa kumi milango inapofunguliwa tena, unakuta mabibi wanaouza yasmini kwa mafungu, ile yasmini ya Madurai ambayo tangu mwaka 2013 imesajiliwa kisheria kama zao la eneo hilo, na wanawake wanaisokota kwenye nywele vile vile wanavyofanya wa Mombasa na Unguja. Unakuta familia imeketi sakafuni inakula wali kwenye jani. Hakuna hata mmoja pale aliyekuja kwa ajili yetu. Mtalii akilazimisha kila mlango ufunguke anageuza ibada ya watu kuwa maonyesho, na maonyesho yakishaanza, wanaoabudu huhama.

Sasa nikija kwenye lile linalonikunisha kichwa.

Mpaka tarehe 8 Julai 1939, mlango wa hekalu hili ulikuwa umefungwa kwa Wahindu wenyewe. Watu wa matabaka yaliyoitwa najisi, wanaojulikana leo kama Dalit, hawakuruhusiwa kuingia, wala watu wa jamii ya Nadar, ambao wengi wao walikuwa wafanyabiashara wenye fedha zao. Wanadar walipoingia kwa nguvu kwenye hekalu la Kamudi, wilaya ya jirani, mwaka 1897, walishtakiwa, na kesi ikapanda mpaka Baraza la Rufaa la London, lile lile lililokuwa ngazi ya mwisho ya rufaa za makoloni yetu. Mwaka 1908 wakashindwa. Yaani mahakama ya Waingereza ilithibitisha kwamba Mhindu anaweza kuzuiwa asimwabudu mungu wake kwa sababu ya ukoo aliozaliwa.

Gandhi aliufahamu vizuri mji huo. Ni Madurai, Septemba 1921, ndipo alipovua nguo zake za kawaida akaanza kuvaa kile kitambaa kifupi tunachokiona kwenye picha zote. Lakini ndani ya hekalu la Meenakshi hakuingia mpaka mwaka 1946, kwa sababu alikuwa amekataa kukanyaga pale ambapo Dalit hawaruhusiwi. Aliyeuvunja mwiko ni wakili mmoja wa Madurai, A. Vaidyanatha Iyer, Brahmin kwa ukoo, yaani wa tabaka la juu la makuhani, aliyeingia Julai ile ya 1939 akiwa na Dalit wachache na Mnadar mmoja. Miongoni mwa wale Dalit alikuwa P. Kakkan, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri wa serikali ya Madras, jina la zamani la jimbo hili. Baadhi ya makuhani waligoma kabisa kuhudumu kwenye hekalu walilosema limenajisiwa. Serikali ya Madras, chini ya waziri mkuu wake Rajagopalachari, ilipitisha haraka sheria ya kuwalinda waliofungua mlango.

Ule usemi wa thawabu milioni kumi nao ukiusikia baada ya kujua haya, ladha yake inabadilika. Mnara mrefu ulio nje ulikuwa ndio fungu pekee la wale wasioruhusiwa kuvuka kizingiti. Walielekezwa watazame juu, kisha waende zao.

Je, kibao cha leo ni mtoto wa mlango ule? Nimelipima jambo hili na jibu langu ni hapana. Dalit wa mwaka 1938 alikuwa mtu wa nyumba aliyelazwa nje ya nyumba yake. Mungu alikuwa wake, lugha yake, na jasho la vizazi vyake limo kwenye mawe yale. Mimi niliyetoka Tanga na begi mgongoni sina ninachodai kwa Meenakshi. Sikuja kuomba mtoto wala mvua. Nikizuiwa, hakuna haki yangu iliyoporwa. Tofauti hii ni kubwa, na mtalii anayejifananisha na waliobaguliwa anawakosea heshima.

Hata hivyo kuna mahali ambapo utetezi wangu unaishia. Januari 2024, Mahakama Kuu ya Madras, katika kitengo chake cha Madurai, iliamua kesi ya hekalu la Palani, ambalo haliko mbali na huko, na kuagiza mabango yawekwe kuwazuia wasio Wahindu wasivuke nguzo ya bendera, isipokuwa mtu atakayetia saini kwamba anamwamini mungu wa mahali hapo. Kuulinda mlango wa ndani naelewa. Kuusukuma mpaka nje, hatua kwa hatua, sielewi. Leo ni nguzo ya bendera. Wapo wanaotaka kesho iwe lango kubwa. Mji uliopangwa kulizunguka hekalu haukuwa na nia ya kuwaficha watu korido na bwawa. Na kumtaka mgeni asaini karatasi ya imani ni kumfundisha uongo. Nani atakataa kusaini akiwa ameshafika?

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wanaokwenda, hasa wenzetu wanaompeleka mgonjwa Chennai au Vellore na kujikuta na siku za kusubiri majibu: pandeni treni ya usiku mshuke Madurai asubuhi. Mwanaume avae suruali ndefu au msuli, mwanamke ajistiri mabega na miguu, kama mnavyojua tangu nyumbani. Mchana hekalu likiwa limefungwa, nendeni jumba la kumbukumbu la Gandhi, kwenye kasri la zamani la malkia Mangammal, mkasome habari za Gandhi mlizoambiwa nusu shuleni. Rudini jioni, mbaki mpaka msafara wa usiku. Mkifika kwenye kibao, geukeni bila kununa. Barabara za nje kunauzwa jigarthanda, maziwa baridi mazito yenye sharubati na aiskrimu, na muuzaji hakuulizi dini yako.