Ukiambiwa uoge na ndala, usikubali

Jamani hili suala la kuoga na ndala limenikaa rohoni muda mrefu, leo naliandika. Sisemi ndala za kuzuia utelezi, nasema zile za kuzuia shoti ya umeme, unazoambiwa siku unakabidhiwa funguo za nyumba ya kupanga, "hita ya shawa inasumbua kidogo, ukioga vaa ndala tu, haina shida." Mimi niliambiwa hivyo Arusha, mwezi wa sita, baridi ile ambayo asubuhi bila maji ya moto huogi, nikakubali. Nikaoga na ndala miezi mitatu. Nikigusa koki vidole vinatekenywa, kama sisimizi wanatembea chini ya ngozi, nikazoea kabisa. Mdogo wangu alipokuja likizo nikampa ndala na yeye, nikaona nimemjali, na hiyo ndo inaniuma mpaka leo.

Siku maji yalipogoma kupata moto nikatafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, sio yule wa mwenye nyumba. Akazima meni swichi, akafungua kifuniko cha hita. Waya wa erthi, ule wa kijani na njano, ulikuwa umekunjwa ukafungwa solatepu nyeusi, haujaungwa popote. Aliyefunga aliona hauna kazi. Pembeni konekta ya plastiki imeyeyuka imekuwa nyeusi tii, maana hita ni ya wati 5,500, inavuta karibu ampea 24, halafu ameichomekea kwenye waya wa milimita za mraba 2.5 uleule unaolisha soketi za sebuleni. Hita kama hiyo inataka waya wake peke yake, wa 4 au wa 6, kutoka kwenye breka, ile swichi inayojizima umeme ukizidi.

Kitu ambacho sikuwa najua ni kwamba hizi hita za kichwa cha shawa nyingi koili yake, ule waya unaopasha maji, iko wazi ndani ya maji. Yaani maji yanapita juu ya koili yenye umeme ndo yanakuangukia kichwani. Erthi ikiwepo umeme unaovuja unapitia huko kwenda ardhini, erthi ikikatwa njia ya kwenda ardhini ni wewe. Na kama mnatumia maji ya kisima yale ya chumvi ndo balaa zaidi kwa sababu yanapitisha umeme vizuri kuliko maji yasiyo na chumvi, ndo maana madukani kuna hita za maji ya chumvi ambazo koili yake imefunikwa, ulizia hilo kabla hujatoa hela.

Halafu kuna watu wananiambia mbona mimi breka ninayo. Breka inalinda waya! Breka ya ampea 32 inasubiri ampea zizidi 32, wakati miliampea 50 tu zikipita kifuani kwa sekunde kadhaa zinaweza kusimamisha moyo. Hata erthi rodi, ile nondo ya erthi inayochimbiwa ardhini, peke yake haitoshi, tuseme udongo umekauka na ukinzani wa rodi yako unasoma omu 20, volti 230 ukigawa kwa 20 unapata ampea 11.5, breka inakaa kimya na bomba lina umeme. Kinachokulinda wewe ni RCD ya miliampea 30, kifaa cha kukata umeme unaovuja. Inapima umeme unaotoka na unaorudi, vikipishana inajua kuna unaovuja, inakata hapohapo. Ina kitufe kimeandikwa T, kibonyeze mara mojamoja, isipokata imekufa, badilisha.

Sasa hivi naona hadi majakuzi yanafungwa kwenye nyumba za kupangisha kwa siku, watu wanapiga picha na glasi mkononi, hakuna anayeuliza umeme umekaaje. Kwenye jakuzi mwili wote uko ndani ya maji na pampu na hita viko palepale chini. Marekani kanuni zao za umeme zinataka kifaa cha kukata umeme unaovuja, na swichi ya kuzimia mtambo iwe inaonekana ukiwa hapo lakini futi 5 au zaidi kutoka kwenye maji. Sisi tunafunga extension cable. Mimi nikifika sehemu kama hiyo nauliza RCD iko wapi, wakinishangaa siingii.

Mwenye nyumba wangu aligoma kulipia matengenezo ya ile hita, nikalipa mimi nikakata kwenye kodi, tukanuniana wiki nzima, sawa tu. Siku fundi alipomaliza nilioga peku nikashika koki kwa mkono mzima, nikakaa nayo hivyo kama dakika nzima.

Jirani yangu wa mlango wa pili, mama wa watoto wawili, ndala bado ziko mlangoni mwa bafu lake. Nimemuomba hita aizime kwenye breka kabisa. Fundi anakuja Jumamosi saa nne, mpaka hapo maji ya kuogea watoto nachemsha mimi.