Kuvalisha bawa bati: ribiti za kugonga au za kuvuta?

Ndege za bati la alumini ambazo Wamarekani hujijengea nyumbani zina kambi mbili. Van's Aircraft ya Oregon, katika RV-7 na RV-8, humtaka mjenzi afunge bawa kwa ribiti za kugonga, yaani vipini vya chuma ambavyo mwisho wake wa ndani hupondwa kwa nyundo, vichwa vikilala sawa na uso wa bati. Kampuni za Zenith na Sonex zilichagua ribiti za kuvuta, zile anazozijua kila fundi bati wa mtaani: unaingiza, unabana koleo, msumari unakatika. Watu hubishana ipi ina nguvu zaidi, lakini kila bawa lilipigiwa hesabu kwa ribiti yake. Kwangu swali zito ni hili: bawa likishafungwa, utajuaje kwamba kazi ni nzuri?

Ribiti ya kugonga hukuonyesha. Ile ya inchi 3/32 (milimita 2.4) ikishapondwa, kitako chake, yaani ule mwisho uliopondwa, kinatakiwa kiwe na upana wa mara moja na nusu ya kipenyo, yaani milimita 3.6, na kimo cha nusu ya kipenyo, yaani 1.2. Unapima kwa geji. Kilicholala upande unakiona, na kilichopondwa kupita kiasi unakiona pia. Tena shina lake huvimba likajaza tundu lote, hivyo mabati hayapati nafasi ya kuchezacheza.

Gharama yake iko kwenye maandalizi. Kila tundu hutobolewa, hupanuliwa kwa kipimo chake, hulainishwa kingo pande zote mbili, kisha hubonyezwa kwenye bati na kwenye mbavu ili kichwa kizame. Bawa moja lina maelfu ya matundu. Ukingo wenye kasoro, hata ndogo, ni mwanzo wa ufa. Mwaka 2023 Van's walikiri kwamba baadhi ya sehemu zilizokatwa kwa leza zilikuwa zikipasuka matunduni zilipobonyezwa, na wajenzi wengi wakajikuta na kazi ya kurudia.

Halafu kuna bati la mwisho, kwa kawaida la chini. Mmoja anashika nyundo ya upepo nje. Mwenzake anapenyeza mkono ndani akikinza kwa kipande kizito cha chuma, akienda kwa kupapasa. Chuma kikiteleza, kitako kinalala. Mabati yasipobanana, ribiti huvimba katikati yake na bati linainuka. Na hapa ile sifa ya kuonekana inapungua, kwani safu hizo hukaguliwa kwa kioo kidogo na tochi.

Ribiti za kuvuta humwokoa mjenzi asiye na msaidizi. Hakuna wa kukinza, hakuna kelele za kuamsha majirani. Zenith huvuta kwa koleo lenye mdomo wa bakuli, unaokigeuza kichwa bapa kuwa kuba. Kuba hizo huongeza ukinzani wa hewa; kwa CH 750 yao, ndege ya mwendo wa pole na viwanja vifupi, hilo ni dogo. Kwa RV-7, inayokimbia kilomita zaidi ya 300 kwa saa, si dogo. Hata hivyo Van's wenyewe walipounda RV-12, ndege nyepesi, walitumia za kuvuta.

Udhaifu wake ni kwamba unaona upande mmoja tu. Tundu likiwa na umbo la yai, au ribiti ikiwa fupi kwa unene wa mabati, kichwa cha nje bado kitapendeza. Kwa hiyo vuta kwanza kwenye vipande vya majaribio vya unene uleule, uvikate uone ndani. Kwenye bawa lenyewe, bamba la geji la milimita 0.05 lisipenye chini ya kichwa.

Kambi zote mbili hukutana kwenye msokoto. Kabla bati la mwisho halijabanwa, bawa hukubali kupindishwa. Likishafungwa limekuwa sanduku, na msokoto uliomo haunyooki tena. Shikilia bati kwa kleko, vibanio vya muda vinavyoingia matunduni, shusha timazi kwenye ncha zote mbili, pima, ndipo ufunge, ukianzia katikati kwenda kingoni. Bati na mifupa viwe na joto moja: bati la mita 2.5 likipishana na mifupa kwa nyuzi 15 za joto, urefu wake hutofautiana karibu milimita 0.9, nalo litabaki na mawimbi.

Mimi ningemshauri anayejenga peke yake, tena ndege ya mwendo mdogo, achukue mchoro wa ribiti za kuvuta bila kuona haya. Anayetaka mbio atafute mwenza wa kudumu kwanza, kabla ya kununua nyundo. Nisilokubali ni kubadilisha aina ya ribiti katikati ya safari. Ribiti ya kugonga ya milimita 3.2 ya aloi ya kawaida huhesabiwa kuhimili nguvu ya kuikata ya pauni 388, takriban kilo 176. Ya kuvuta ya alumini laini yenye kipenyo hichohicho haifiki hapo. Mkono wa kukinza usipofika, mwulize aliyebuni ndege ni ribiti gani ya kuvuta anairuhusu mahali hapo, na tundu libaki umbali usiopungua vipenyo viwili kutoka ukingoni.