Mhadhiri Aliyeulizwa Kama Ana Mke

Mwaka wa 2020, nilipokuwa nikisubiri kwenda chuo kikuu, sanduku langu la bati lilikuwa limekwisha kuandikwa jina, godoro limefungwa kamba, na Mama amekwisha kunionya kuhusu baridi ya bara, wanaume wa bara na chakula cha bara, akitilia mkazo hilo la katikati. Mwezi wa Machi vyuo vikafungwa kwa ajili ya korona, na sisi tuliotarajiwa kuanza Septemba tukaambiwa kwamba masomo yetu ya mwaka wa kwanza yangeanzia nyumbani, kwa njia ya mtandao. Basi nikawa mwanafunzi wa chuo kikuu nikiwa papa hapa Lamu, mtaa wa Mkomani, katika nyumba niliyozaliwa, na lile sanduku Bibi akalitia mchele.

Mtu asiyewahi kukaa katika nyumba ya mawe ya Lamu hawezi kuifahamu shida ya kusomea ndani yake. Wazee waliozijenga kuta hizo nene kwa mawe ya matumbawe na chokaa walikusudia kuzuia joto, nao walifaulu, ila mtandao wa simu nao umekutwa na yaliyolikuta joto. Nikikaa sebuleni, mhadhiri alinijia vipande vipande. Nikiingia chumbani, hakuja kabisa. Ilinibidi nipande hadi juu, chini ya paa la makuti, ambako mtandao ulishika vizuri mradi niegemee ukuta wa upande wa bahari na nisijitikise. Taabu ni kwamba huko juu ndiko Bibi huanika maembe yake ya achari, na tena vichochoro vyetu ni vyembamba mno, hata kila lisemwalo chini hupanda juu lilivyo. Wenzangu walikwisha kuzoea kumsikia mwenye punda akipaza sauti, "Simile! Simile!" kila nilipofungua kinywa kujibu swali, na mmoja wao, kijana wa Kitale, aliamini kwa muda mrefu kwamba hilo ndilo jina langu.

Asubuhi ya tukio lenyewe tulikuwa na somo la fasihi simulizi. Mhadhiri, bwana mpole mwenye Kiswahili cha bara kilichonyooka, alitaka kila mwanafunzi ajitambulishe, na zamu yangu ilipofika nikafungua kipaza sauti kama tulivyoagizwa. Simu nilikuwa nimeiegemeza kwenye kopo la pilipili, sauti imefunguliwa hadi mwisho. Bibi alikuwa nyuma yangu, amechutama mbele ya uteo, akigeuza vipande vya embe kimoja kimoja na kukinyunyizia chumvi kile alichokiona hakijakolea. Ndipo sauti nzito ya mwanamume ikatoka katika simu:

"Nakusikia vizuri sana, lakini sikuoni. Washa kamera, tuuone uso wako."

Mikono ya Bibi ikasimama.

"Ni nani huyo atakaye kukuona uso?"

Nikawasha kamera kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine nikamwashiria anyamaze, jambo ambalo nyumbani kwetu halifanywi. Bibi akainuka, akajifunika leso yake barabara, akaitwaa simu kwa vidole vilivyojaa chumvi na manjano, akaiweka sikioni. Wanafunzi zaidi ya mia moja wakabaki wakilitazama sikio la Bibi na kipuli chake cha dhahabu.

"Weye u mwana wa nani?"

Nadhani mhadhiri hakuwa ameulizwa swali hilo tangu alipopata shahada ya uzamivu, maana alilijibu moja kwa moja, akataja jina la baba yake. Akaulizwa la babu, akalitaja. Akaulizwa kama ana mke. Akasema anaye, na watoto watatu.

"Na bado wataka kutazama nyuso za watoto wa watu?"

"Shikamoo, Bibi," akasema mhadhiri, aliyekumbuka adabu maji yamekwisha kumfika shingoni. "Mimi ni mhadhiri."

Hapo mambo yakageuka. Mihadhara aijuayo Bibi ni ile itolewayo misikitini, na wahadhiri wote aliopata kuwasikia ni masheikh. Sauti yake ikalainika papo hapo. Akamwomba radhi, akamweleza kwamba magoti yanamsumbua tangu kusi ilipoanza kuvuma, akataka asomewe dua. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze, ingawa sakafu zetu zimebebwa na boriti za mikoko, nazo hazivunjiki ovyo. Yule bwana alisitasita, kisha akasema, "Mungu akupe afya njema, Bibi," na sehemu ya ujumbe ikafurika "Amina" za darasa zima, wakiwemo watu ambao hawakuwa wameandika neno tangu muhula uanze.

Nilidhani yamekwisha. Lakini mhadhiri, ambaye kazi yake ndiyo hiyo, akamuuliza Bibi kama anazijua hadithi za kale. Bibi akajibu kwamba anazijua, ila yeye hatoi hadithi mchana, kwani mchana una kazi zake. Kipindi kilichofuata kikahamishiwa usiku, baada ya Isha, na hata wale waliokuwa wakilia kila siku kwamba hawana bando wakahudhuria. Majirani walipanda kuja kutazama. Bibi alivaa nguo ya Idi na kujifukiza udi, ijapokuwa nilimweleza kwamba harufu haiendi kwa simu.

"Paukwa!" akasema.

Kimya. Sauti moja ikasema "Pakawa", baadaye ya pili, kisha tatu kwa mpigo, na Bibi alipokwisha kuanza habari za Sungura, "Pakawa" zikawa bado zinaingia moja moja kutoka Kisumu, Machakos na kwingineko. Akaacha, akaanza upya. Zikaja vilevile. Akanigeukia.

"Hawa ndio wa chuo kikuu?"

Mhadhiri akafungua kipaza sauti ili amweleze kwamba mtandao huchelewesha sauti, lakini Bibi akamkatiza.

"Weye sheikh, jibu kwanza. Paukwa!"

Tukasubiri.

"Pakawa," akasema mhadhiri, naye kachelewa vilevile.