"Mtoe ziwani kwanza": maumivu ya kichanga, maziwa ya mama na tone la sukari

Mtoto wa kaka yangu alikuwa na siku mbili tu duniani alipochukuliwa damu ya kipimo cha selimundu. Ugonjwa huo umo kwenye ukoo wetu, kwa hiyo hakuna aliyebisha. Alikuwa ananyonya, macho ameyafumba, vidole vimeng'ang'ania ukingo wa khanga ya mama yake. Muuguzi akaingia na kijisindano cha kutobolea na kadi yenye miduara mitano. "Mama, mtoe ziwani kwanza. Tukimaliza utaendelea."

Wifi yangu akamtoa. Mama yetu, aliyekuwa amekaa pembeni na kapu la uji, akauliza kwa sauti ya chini kama wasingemlambisha tone la maji ya sukari ili asisikie. Akajibiwa kwa heshima, lakini kwa mkato, kwamba miezi sita ya kwanza mtoto hapewi kitu chochote isipokuwa maziwa ya mama.

Kutoboa kisigino kulikuwa kufumba na kufumbua. Kazi ilikuwa kukamua. Kila mduara ulitakiwa ulowe damu mpaka upande wa pili wa kadi, na damu ya kichanga haina haraka. Mpaka mduara wa nne mtoto alikuwa amebadilika rangi, kidevu kinatetemeka, kilio kimekauka kimebaki pumzi. Kisha akarudishwa ziwani, na ndani ya dakika moja akanyamaza.

Ndani ya chumba kile kidogo njia mbili za kumpunguzia mtoto maumivu bila dawa zilitajwa, na zote mbili zikakataliwa. Ziwa liliahirishwa mpaka maumivu yaishe, sukari ikapigwa marufuku. Njia hizo ndizo zilizopimwa mara nyingi kuliko karibu nyingine yoyote katika utafiti wa maumivu ya vichanga. Hata hivyo yule muuguzi sitaki kumlaumu upesi, kwa sababu anazo hoja, na baadhi yake ni nzito kuliko tunavyopenda kukiri tuliokaa upande wa mzazi.

Tukumbuke kwanza kwamba hata madaktari wameanza juzi tu kuamini kuwa kichanga anaumia. Mpaka miaka ya 1980 wengi walishikilia kwamba mishipa yake ya fahamu haijakomaa, kwamba kilio chake ni mwitikio tu wa mwili, na kwamba kwa vyovyote hatakumbuka. Kuna njiti, yaani watoto waliozaliwa kabla ya wakati, waliofanyiwa upasuaji wakiwa wamepewa dawa ya kulegeza misuli wasitikisike, lakini dawa ya maumivu wamepewa kidogo sana au hawakupewa kabisa. Mwaka 1987 daktari Anand na wenzake waliokuwa Oxford walionyesha kwamba njiti waliopewa dawa kali ya maumivu wakati wa upasuaji wa moyo walipata msukosuko mdogo wa mwili na matatizo machache baadaye kuliko wenzao. Leo Chama cha Kimataifa cha Utafiti wa Maumivu, katika tafsiri yake ya mwaka 2020, kinasema wazi kwamba asiyeweza kusema anaumia hajafutiwa uwezekano wa kuumia. Bibi yeyote aliyelea angeweza kuwaambia hivyo bila kongamano.

Mabishano yaliyobaki ni kuhusu yale maumivu madogo: sindano ya vitamini K pajani, chanjo ya kifua kikuu begani, kisigino. Hapa kumpa kichanga dawa kali hakufai, maana madhara yake yangeweza kuwa makubwa kuliko sindano yenyewe. Ndipo linapokuja ziwa.

Jaribio ninalolirudia kila mara ni la Ufaransa, lililochapishwa mwaka 2003. Vichanga 180 waliozaliwa wakiwa wametimiza miezi tumboni walitolewa damu kwenye mshipa wakiwa wamegawanywa makundi manne kwa bahati nasibu. Kwenye kipimo cha maumivu cha 0 mpaka 10, alama ya kati ya waliokuwa wananyonya ilikuwa 1. Waliopewa maji ya glukosi pamoja na chuchu ya bandia walipata 3. Waliopewa maji matupu walipata 10. Waliobebwa tu mikononi mwa mama, bila kunyonya? Nao 10.

Hiyo 10 ya mwisho huwa inawauma watu, maana sote tunaamini mikono ya mama inatosha. Lakini kuna mikono na mikono. Miaka mitatu kabla, huko Marekani, watafiti walikuwa wamewagawanya vichanga 30, wengine wakalazwa kifuani mwa mama zao ngozi kwa ngozi, wengine kitandani mwao wakiwa wamefungwa nguo, kisha wakawatoboa visigino. Wa kifuani walilia kwa asilimia 82 pungufu. Kumbe kumbeba mtoto juu ya blauzi na shali si sawa na kumlaza kifuani, joto kwa joto, akisikia moyo alioufahamu kabla hajazaliwa. Watafiti wa London waliokuja baadaye kupima ubongo wenyewe nao waliona mwitikio wa vichanga walio ngozi kwa ngozi ukitofautiana na wa waliobebwa wakiwa wamevaa nguo.

Hapo upande wa pili unaanza kusema, na tuusikilize. Alama zote hizo zinatokana na nini? Uso. Kipaji kikikunjamana, macho yakibanwa, mikunjo ikishuka kutoka puani kwenda mdomoni, mtafiti anaandika alama. Wengine huongeza mapigo ya moyo na kiasi cha oksijeni. Je, kama njia zetu zinanyamazisha uso tu, na ujumbe wa maumivu unafika ubongoni vilevile?

Swali hili si la kubuni. Mwaka 2010 mtafiti Rebeccah Slater na wenzake wa London waliwapa vichanga wengine maji ya sukari na wengine maji safi kabla ya kutobolewa kisigino, wakarekodi umeme wa ubongo. Nyuso za waliopewa sukari zilitulia zaidi. Ubongo, katika kile kiashiria cha maumivu walichokuwa wanakiangalia, haukuonyesha tofauti. Gazeti la kitabibu la Lancet lilipolichapisha jaribio lile, mabishano yaliwaka, na mpaka leo hayajazimika. Wapo wanaosema kiashiria kile ni kipande kimoja tu cha safari ndefu ya maumivu. Wapo wanaosema tumekuwa tukiwalambisha watoto sukari ili sisi watu wazima tusiumizwe na kilio.

Mimi naona wote wana kipande cha ukweli, lakini hitimisho la kuacha kila kitu silikubali. Mtoto anayelia mpaka anabadilika rangi anatumia oksijeni na nguvu ambazo njiti hana za kuchezea, na kumtuliza ni faida hata kama ujumbe umefika. Lakini jaribio la Slater linanifanya niwe mwangalifu na sukari hasa pale inapotumika mara nyingi. Utafiti mmoja wa Paris na viunga vyake, uliochapishwa mwaka 2008, uliwafuata vichanga 430 wa chumba cha uangalizi maalumu kwa siku zao 14 za mwanzo za kulazwa. Alama ya kati ilikuwa matukio 10 ya maumivu kwa siku kwa kila mtoto. Kumi! Na takriban manne kati ya kila matano yalifanyika bila hatua yoyote mahususi ya kupunguza maumivu. Ukisema kila tukio liwe na sukari yake, njiti wa gramu 900 anakuwa kwenye dozi ya sukari usiku na mchana, na utafiti mmoja wa Canada wa mwaka 2002 uliona kwamba miongoni mwa njiti waliozaliwa kabla ya wiki ya 31, waliopata dozi nyingi zaidi za sukari walikuwa na alama za chini za ukuaji wa fahamu. Ni utafiti mmoja, haufungi kesi. Lakini unatosha kuuliza swali la kwanza ambalo huwa linarukwa: je, mtoto huyu lazima achomwe mara hizo zote? Vipimo viwili vinaweza kutoka kwenye damu ya mara moja. Na pakiwa na mtu mwenye mkono mzoefu, kuchukua damu kwenye mshipa humuumiza kichanga aliyetimiza miezi kidogo kuliko kutoboa na kukamua kisigino.

Sasa sukari ya mama yetu. Ushahidi wake kwenye alama za uso ni mkubwa: mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha matokeo ya tafiti nyingi, yalikusanya tafiti 74 zenye vichanga zaidi ya 7,000, na kwa kutobolewa kisigino hasa, sukari ilishinda maji. Lakini sukari ya tafiti hizo ni matone machache kwenye sirinji, yamepimwa, yanawekwa ulimini dakika mbili hivi kabla ya sindano. Sukari ya nyumbani kwetu ni kijiko, maji ya kwenye chupa ya chai, na bibi mwenye nia njema. Muuguzi akilegeza kamba wodini, ujumbe utakaofika mtaani ni kwamba hospitali imeruhusu maji ya sukari. Kutoka hapo mpaka kwenye asali ni hatua moja, na asali kwa mtoto chini ya mwaka ina hatari ya botulizimu, sumu ya bakteria inayopooza misuli. Kwa watu wa pwani kuna pia tende anayopakwa mtoto kwenye kaakaa. Hilo ni la dini na lina mahali pake, lakini linaonyesha jinsi utamu na kichanga walivyokwisha kuzoeana kwetu. Kwa hiyo kwenye sukari nasimama na muuguzi: ibaki mikononi mwa wodi, kwa mtoto ambaye mama yake hayupo au hawezi kunyonyesha saa hiyo.

Kwenye ziwa siwezi kusimama naye. Nimesikia hoja tatu. Kwamba mtoto atapaliwa: majaribio yaliyofanyika hayajaonyesha tatizo hilo, na Shirika la Afya Duniani, katika tamko lake la mwaka 2015 kuhusu maumivu ya chanjo, linashauri mtoto anyonyeshwe wakati wa sindano au muda mfupi kabla. Kwamba mtoto atalichukia ziwa: kichanga anayenyonya mara nane au zaidi kwa siku hajengi chuki kwa sindano moja. Ya tatu ndiyo ya kweli, na haina jibu la maktaba: nafasi na muda.

Anayejua kliniki zetu anaelewa. Chupa ya chanjo ya kifua kikuu ina dozi 20 na ikishachanganywa haitakiwi kupita saa sita, kwa hiyo akina mama wengi hupangiwa siku moja, na benchi linajaa. Chanjo ile huingizwa juujuu ndani ya ngozi, na mkono ukitikisika dozi inaharibika. Muuguzi anataka bega liwe wazi na mtoto atulie, na kumsubiri kila mtoto anyonye vizuri dakika kadhaa kwanza ni kuongeza saa nzima kwenye foleni. Pajani ni rahisi zaidi, na kisiginoni ni rahisi kuliko kote, maana mguu wa mtoto anayenyonya unaning'inia tu. Kwa hiyo sikubali jibu moja kwa sindano zote. Kwa kisigino sioni udhuru kabisa.

Kwa njiti habari ni tofauti kidogo, kwa sababu wengi hawajui kunyonya. Wao wana kangaruu, yaani kulazwa ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama, njia iliyoanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 kwa uhaba wa mashine za joto. Tanzania ilikuwa moja ya nchi tano za jaribio lililotoa matokeo mwaka 2021, ambapo watoto wenye uzito mdogo waliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa badala ya kusubiri hali zao zitengemae. Vifo vya siku 28 vilikuwa asilimia 12.0, dhidi ya 15.7 kwa wengine. Jaribio lile halikuwa la maumivu. Lakini lilihitaji kitu kimoja kilekile: kitanda cha mama ndani ya wodi ya watoto mahututi. Mama akiwa na kitanda pale, kifua chake kipo saa ya sindano. Akiwa anakaa nje na kuingia kwa kengele, hakuna mwongozo utakaomsaidia.

Kuna jambo moja zaidi linalonipa wasiwasi, nalo linatoka upande wetu tunaoshabikia njia hizi. Ni za bure, na kitu cha bure huwa kinanyooshwa kupita urefu wake. Kutahiri si kutoboa kisigino. Madaktari wa watoto wa Marekani waliandika mwaka 2012 kwamba sukari na njia nyingine zisizo za dawa, peke yake, hazitoshi kwa tohara ya kichanga, ganzi inatakiwa. Pwani ambako wavulana wengi hutahiriwa wakiwa na siku chache, mzazi anayeambiwa "atalambishwa kitu kitamu, hatasikia" ana haki ya kuuliza sindano ya ganzi iko wapi. Vivyo hivyo kichanga anapotumbukizwa mrija kifuani.

Mtoto wa kaka yangu alirudi kliniki wiki ya sita, sindano mbili za mapaja. Safari hii wifi alikuwa amejiandaa. Matone ya rota, chanjo ya kuzuia kuhara, ambayo ni matamu, yalitangulia. Kisha akamwambia muuguzi, mwingine huyu, "Sista, naomba nimnyonyeshe huku unachoma." Muuguzi akamtazama, akatazama benchi lililojaa nje, akavuta kiti chake upande wa pili wa meza ili paja la kushoto limwelekee. Sindano ya kwanza mtoto aliguna tu, akaendelea. Ya pili akaachia ziwa, akapiga kelele moja kubwa, akalitafuta tena mwenyewe.

"Huyu kanyamaza mapema," muuguzi akasema huku anaandika kwenye kadi, na akamwita anayefuata.